Kwa Nini Mbingu Hupimwa kwa Ngumi

Kwa jina la Mola aliyeziinua mbingu bila nguzo, akakikadiria kila kiumbe kipimo chake, tunaanza. Kisa hiki asili yake ni watu wa Mwambale, mji wa bara uliokabiliana na Kilima cha Ndovu. Wao walikipokea kwa wazee wao, na wazee kwa waliowatangulia. Mola ndiye ajuaye zaidi.

Zamani hizo mbingu hazikuwa na kipimo. Mtu akiulizwa nyota imepanda kiasi gani, alijibu, "Kama mnazi," na kila mmoja alikuwa na mnazi wake kichwani. Nguo nazo zilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kila siku ya soko palizuka ugomvi, kwa kuwa mnunuzi mwenye mkono mrefu aliondoka na nguo nyingi. Khatibu wa mji, Mselem, mtu wa wastani kwa kimo na kwa maneno, aliukomesha ugomvi huo: alichonga ufito mmoja wa mpingo, akaamuru uwe dhiraa ya watu wote. Soko likatulia. Tangu hapo watu wakaamini kwamba mkono ni mwongo, mti ndio mkweli.

Kwa imani hiyo hiyo khatibu akazigeukia mbingu. Katika mwaka mmoja wa neema, vuli ilipokaribia, alinyoosha mkono na kijiti cha urefu wa kidole, akaona kinaingia mara tatu baina ya mgongo wa kilima na nyota za Kilimia. Akachonga vijiti vingine sawasawa na hicho, akavigawa nyumba kwa nyumba. "Kilimia kikitimiza vijiti vitatu baada ya magharibi," akasema, "teremsheni mbegu."

Mwaka uliofuata masika hayakufika, njaa ikaingia. Katika nyumba ya Mwanatumu ilibaki mbegu ya mtama kikapu kimoja tu, juu ya uchaga wa jikoni. Wanawe walikitazama kikapu kile kila walipokula mboga za mwitu, naye akawageuza nyuso. Alijua kwamba mbegu ikitiwa mapema itakaangwa na jua, na ikichelewa mvua itaipita. Kikapu cha pili hakikuwapo.

Mumewe, Vuai, alikuwa mrefu hata akainama kwenye kila mlango. Mwanatumu alimfikia kifuani. Jioni moja wakasimama uani, kila mmoja na kijiti chake.

"Vitatu!" akasema Vuai. "Lete mbegu, mke wangu, kesho tunashinda shambani."

"Viwili," akajibu Mwanatumu. "Tena kwa kukuhurumia."

"Bibi we, panda juu ya kinu upate kuziona nyota."

"Nawe inama, umekwisha kuzipita!"

Wakaviweka vijiti pamoja. Havikupishana hata unywele. Vuai akapiga hatua kuelekea jikoni. Mwanatumu akamtangulia, akauziba mlango, akanyoosha ngumi mbele ya uso wa mumewe. "Gusa kikapu changu uone!"

Vuai akainama kwa kicheko, na alipoinama, kilima kikaonekana nyuma yake. Mwanatumu akakaza macho. Ngumi yake ilikuwa imekaa juu ya mgongo wa kilima, na Kilimia kilikuwa juu ya ngumi kwa kiasi cha nusu ya ngumi nyingine. Hasira ikamtoka kidogo kidogo.

"Mume wangu, geuka. Nyoosha mkono, ukunje ngumi."

"Tupigane na nyota sasa?"

"Wewe pima."

Ngumi ya Vuai ilikuwa kubwa kama nazi. Akaiweka juu ya kilima, akafumba jicho moja. "Moja," akasema taratibu, "na nusu." Naye mkewe hakuwa amemwambia neno.

Wakamwita khatibu, wakamweleza. Akapima vijiti vitatu kutoka mgongo wa kilima, kisha akaijaza nafasi ile ile kwa ngumi zake. Zikaingia mbili. Mselem akacheka peke yake.

"Alhamdulillahi. Mti nimeupeleka pasipo pake. Mwenye mkono mrefu, kijiti huenda mbali na jicho lake kikawa kidogo. Mwenye mkono mfupi, humkaribia kikawa kikubwa. Lakini Mola alipourefusha mkono, aliikuza na ngumi yake. Basi ni ngumi mbili. Wewe Vuai ungewahi, na wewe mwanangu Mwanatumu ungechelewa."

Wakangoja jioni baada ya jioni, hata ngumi ya pili ikatimia. Mwanatumu akakiteremsha kikapu kwa mikono yake mwenyewe, na vuli ikaishukia mbegu ikiwa bado ina joto la uchaga.

Na hadi leo nguo hupimwa kwa mti, na mbingu hupimwa kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa. Mrefu na mfupi hupatana sokoni kwa mti, na chini ya nyota kwa ngumi. Huko Mwambale, mke akimnyooshea mumewe ngumi jioni, majirani hawaji kuamua. Husema, "Waacheni, wanapima Kilimia."

Enyi mliosikiliza, Mola awape mbegu inayosubiri, mvua inayofika kwa wakati wake, na wa kusimama nao uani kila nyota zinapochomoza. Amina.