Sinia la Masultani Wanne

Hapo zamani, katika mwaka wa 1127 wa Hijra, Mfunguo Nne, jua lilipowaka hata mbuzi wakalamba kuta kutafuta ubaridi, mji wa Kwambare ulibakiwa na kisima kimoja tu chenye maji. Kisima hicho kilikuwa katika mtaa wa Mbaruku, fukara ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi.

Mji huo ulitawaliwa na Sultani Zubeiri, aliyejipa mwenyewe lakabu ya Mkamilifu. Asubuhi moja Mkamilifu huyo aliwaapia watu wa mtaa kwamba kisima ni chao daima, nao wana amani yake. Adhuhuri akamwuzia tajiri mmoja. Alasiri akamtunuku shemeji yake. Ilipofika Ijumaa akapanda mimbari, akawalaani waongo kwa sauti nzuri, na wakuu wa baraza wakalia machozi, kwani kulia ndiyo kazi waliyolishwa kwayo.

Mbaruku akawaambia majirani kwamba bado hajajaliwa kumwona Mkamilifu. Ameona vipande tu. Maneno yakafika jumbani kwa Sultani, naye Mbaruku akaitwa.

"Ewe hohehahe," akasema Sultani, "kesho nitakula kwako. Mlishe Sultani mzima, pasibaki sehemu yake yenye njaa. Ukishindwa, utahama mji huu, na mtaa wako utahama nawe."

Mbaruku akatambua shabaha: mtaa ukihama, kisima hakina mdai. Majirani wakamlaumu kuwa ulimi wake umewaponza, naye hakubisha. Akakopa mchele na nazi, akapika.

Siku ya pili Sultani akaja na wakuu wake. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake, kusudi tumbo lake limshinde fukara. Ndivyo vita pekee alivyopata kujiandalia. Akakuta sinia moja la wali linafuka mvuke, na mkekani nafasi nne. Akanawa, akanyoosha mkono. Mbaruku akalifunika sinia kwa kawa.

"Subira, Maulana. Wenzako hawajafika, na kwetu sinia halianzwi na mmoja."

"Wenzangu gani?"

"Yule wa asubuhi aliyetupa kisima, wa adhuhuri aliyekiuza, wa alasiri aliyemtunuku shemeji, na yule wa mimbarini. Nimeamriwa kumlisha Sultani mzima. Nikimlisha mmoja, robo tatu zina njaa, nami nimeasi."

"Nitakukata kichwa."

"Ni haki yako, Maulana. Ila mkubaliane kwanza, maana yule wa asubuhi alinipa amani."

Wakuu wakayatazama makubadhi yao. Uani watu wa mtaa walikuwa wamejaa tele, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Harufu ya tui ikapenya ile kawa. Tumbo la Mkamilifu likanguruma, nalo lilikuwa la kwanza katika dola ile kusema kweli.

"Niliyeko hapa," akasema hatimaye, "ni yule wa asubuhi."

"Na hao wengine, tuwawekee ukoko?"

"Hawapo. Tajiri atarudishiwa fedha yake, na shemeji yangu achimbe kisima chake."

Basi Mbaruku akaifunua kawa. Sultani akala akiwa ameinamisha uso. Wakuu wakaanza kulia kwa mazoea, akawanyamazisha. Jioni ile mtaa ukateka maji.

Hivyo kumkusanya Sultani akawa mtu mmoja, tena kwa mlo mmoja tu, kuligharimu vibaba vitatu vya mchele na nazi moja.