Febronia na Kiapo cha Wenye Kiu

Wazee waliotutangulia katika imani wametuachia kisa hiki, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yote. Walisema kwamba katika milima ya Shamu, zama za kale, palikuwa na kijiji cha wakulima wa shayiri, Wakristo watupu, na humo aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Febronia. Alikuwa mwingi wa sala na sadaka, mlezi wa mayatima, na alikuwa na hasira. Nalisema hilo mapema kwa kuwa wako wanaodhani mcha Mungu hana budi awe mpole kama maji ya mtungini. Febronia hakuwa hivyo. Jirani zake walizoea kumtania, "Bibi, hasira hasara," naye huwajibu kwamba hasara ni kumwona mtu anapotea ukanyamaza.

Mkuu wa kijiji alikuwa mdogo wake, Addai. Mama yao alifariki Addai angali ananyonya, na Febronia ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamfundisha kusali. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu na fimbo ya ukuu, Addai akimwona dada yake anakuja husimama.

Basi ikaja miaka ya ukame. Shayiri ilikauka kabla ya kutoa masuke. Visima vikakauka vyote isipokuwa kimoja cha bondeni, nacho maji yake yakawa ya kuchota kwa kata. Watu walifunga, wakasali, wakalia, na mbingu zikabaki vilevile. Mfa maji hutapatapa, na mfa kiu naye kumbe hutapatapa. Hapo ndipo Ibilisi, ambaye hachoki, alipowatia wazo, na ubaya wa wazo lile ni kwamba lilikuja limevaa kanzu ya ibada.

Ilikuwa desturi ya nchi ile kwamba watu wawili wakitaka kufunga agano juu ya jambo zito, mpaka wa shamba, posa, au kumaliza kisasi cha damu, huchinja mnyama wakampasua vipande viwili, wakavilaza vikielekeana na kuacha njia katikati. Kisha wote wawili hupita katika njia ile, kila mmoja akisema, "Nikivunja, nami nipasuliwe kama huyu." Wakishapita, agano limefungwa, na atakayelivunja hana pa kukimbilia.

Addai akawakusanya watu uwanjani, mbele ya kanisa. "Ndugu zangu," alisema, "Mungu ametuchoka. Agano lake na baba zetu limechakaa. Tufunge naye jipya. Tuchinje mtamba wa ng'ombe, tupite katikati sote, tuape kwamba hatutasema uongo wala kugombana wala kutamani cha mtu, naye atupe mvua. Atakayekataa kupita amejitenga nasi, asipewe maji ya kisima. Na atakayempa maji mtu huyo, amevunja kiapo."

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Macho yakamgeukia Kasisi Habibu, mchungaji wao, mtu aliyeyasoma Maandiko tangu ujana wake. Kasisi akatazama viatu vyake. "Kuapa kutenda mema," akasema, "sioni ubaya wake." Kila nikifika hapa damu hunichemka. Mchungaji anawaona kondoo wanakwenda ukingoni mwa genge, na yeye anasema haoni ubaya wa kutembea.

Febronia akasimama.

"Addai, agano la nani limechakaa?"

"Dada, tafadhali keti."

"Siketi. Bwana alipofunga agano na babu yetu Ibrahimu, wanyama si walipasuliwa vivyo hivyo? Kila mtoto hapa anakijua kisa hicho. Haya, niambieni, ni nani aliyepita katikati?"

Jibu wote walilijua. Ibrahimu alikuwa ameshikwa na usingizi mzito. Aliyepita kati ya vile vipande, kwa mfano wa moto, ni Mungu peke yake. Ibrahimu hakuambiwa apite.

"Alijua hatutaweza," akaendelea Febronia, "akajiapiza Mwenyewe. Ahadi ni deni, na deni hilo alilibeba Yeye. Leo ninyi, mnaoshindwa kumaliza Kwaresima moja bila kusengenyana, mnataka kupita mahali ambapo Ibrahimu hakupita? Mnajitia laana shingoni, ninyi na watoto wenu, kwa sababu mmechoka kumngoja Mungu? Mimi sipiti."

"Dada, maneno hayajazi mtungi," akasema Addai.

"Wala kiapo chako hakiujazi."

Mtamba akachinjwa, akapasuliwa. Wakapita wanaume, wakapita wanawake na watoto wachanga mgongoni, na Kasisi Habibu akapita wa mwisho kabisa. Febronia aliingia kanisani peke yake, akalia kwa uchungu na ghadhabu. "Ee Bwana," alisema, "uliahidi kuwa Mungu wetu na Mungu wa watoto wetu. Uliahidi kwamba maadamu dunia ipo, kupanda na kuvuna havitakoma. Nimechoka kungoja, na sikufichi. Ila sina Mungu mwingine wa kumkasirikia, wala simtaki. Timiza neno lako."

Kuanzia siku ile akiteremka kisimani, wanawake humgeuzia visogo. Ni wanawake walewale aliowauguza, waliokula mkate wake walipokuwa hawana. Wakajiona wanamtumikia Mungu kwa kumnyima mjane maji. Sijui ni Mungu yupi huyo. Mtungi wake ukapungua, ukabaki tope, ukakauka. Febronia hakumlaani mtu. Alikaa mlangoni pake midomo imepasuka, akisali, na kila baada ya sala akinung'unika dhidi ya upumbavu wa majirani.

Alfajiri moja alimwona Addai akija, mbiombio, na kiriba cha maji amekificha chini ya joho. Akapiga magoti mbele yake.

"Kunywa, dada."

Febronia alikitazama kile kiriba asikiguse. "Wewe umeapa."

"Nimeapa."

"Uliapa ukisema nini?"

"Nikivunja, nipasuliwe." Akakisogeza kiriba karibu naye. "Kila nikipita hapa nakusikia unakohoa. Nimeshindwa. Nikikunyima, nimemuua aliyenilea. Nikikupa, nimejiua mimi na wanangu. Niambie nifanye nini."

Hapo ndipo Febronia alipokasirika kuliko siku zote. "Ndiyo maana nilikukataza, mjinga wewe! Tazama kiapo ulichowatungia watu. Wewe kimekushinda kwa sababu una huruma. Mwenye huruma akishindwa hivi, asiye nayo atafanyaje?" Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyomshika alipokuwa mdogo. "Addai. Siku ile Ibrahimu amelala, ile laana aliitwaa nani?"

"Mungu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi mwachie. Ulijitia katikati ya vile vipande bila kuitwa. Toka, mdogo wangu. Rudi kwenye agano lake, humo hukuombwa kitu ila kumwamini." Akatwaa kiriba, akanywa mbele yake, polepole, asijifiche. Alipomaliza akasema, "Sasa nenda ukawaambie."

"Watanifukuza."

"Huenda. Ukweli utoke kinywani mwako kabla haujatolewa na mwingine."

Addai akaenda, akawakusanya watu, akasimama palepale alipoapia. "Nimevunja kiapo," akasema. "Nimempa dada yangu maji." Mtu mmoja akapaza sauti kwamba afukuzwe kabla hasira ya Mungu haijawashukia wote, na wengine wakaanza kuinama kuokota mawe. Wale waliokuwa wakimwita Bwana Mkuu jana, leo wanachagua jiwe la kumtosha.

Kasisi Habibu akapita katikati ya watu, akasimama ubavuni mwa Addai. "Anzeni na mimi," akasema. "Tuliapa kutosema uongo. Nami nilipita mle nikitamka kiapo, huku moyoni nikijua si kweli kwamba agano la Bwana limechakaa. Nilivunja nikiwa bado natembea."

Wale wenye mawe wakatazamana. Mwanamke mmoja akaanza kulia, akasema amegombana na mkwewe siku ileile ya kiapo. Mwingine akasema ametamani maji ya jirani. Yule aliyepaza sauti kwanza aliulizwa na mkewe kama akumbushwe la jana, naye akaliacha jiwe lake lianguke. Haikupita muda, ikawa hakuna mtu aliyesalia wa kumrushia mwenziwe. Wakabaki wamesimama wakiwa na hofu ya kweli, kwa maana kila mmoja alikuwa amejitakia kupasuliwa.

Febronia akafika akijikongoja. "Haya," akasema, "sasa mmejuana. Baba Kasisi, waingize ndani, jua linawachoma."

Wakaingia kanisani. Kasisi Habibu akasogea Mezani pa Bwana, akatwaa mkate, akashukuru, akaumega. Vipande viwili vikabaki mikononi mwake, kimoja huku na kimoja huku, na alipofika penye maneno ya Bwana, "Huu ndio mwili wangu," akavitazama kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia. Alikuwa ameyasema maneno yale maisha yake yote. Watu nao wakavitazama vile vipande, na Addai akaufunika uso wake kwa joho. Hakuna aliyeambiwa apite popote wala aape chochote. Walinyoosha mikono wakapokea.

Na mvua? Najua mtaniuliza. Mvua haikunyesha siku ile, wala juma lile. Ilikuja katika majira yake, wakapanda, wakavuna, na inasemekana Febronia alimwambia Mungu asante na pia kwamba amekawia. Kisima cha bondeni, hata hivyo, hakikunyimwa mtu tena.

Enyi waamini, hata leo wapo wanaotuita tumfungie Mungu maagano mapya: funga hivi, apa vile, ndipo atakupenda. Msiwasikilize, hata wakiwa wamevaa kanzu. Ahadi aliyompa Ibrahimu haijachakaa, na haikusimama juu ya miguu yetu hata siku moja. Ibilisi na aseme atakavyo. Agano tulilivunja sisi, na aliyepasuliwa ni Yeye.