Mbuzi Naye Alitembea kwa Miguu Yake

Ati, "Bibi, mambo ya ukoo yanamalizwa nyumbani." Nyumbani wapi, Kasiani? Huko huko alikochukuliwa mtoto? Mjukuu wangu huyo kaja kwangu juzi anakokota mbuzi, anataka niite kikao, nimbembeleze yule mtoto wa ukoo wetu asiende mahakamani kusema, ili aliyemuuza, ndugu yake Kasiani, atoke mahabusu. "Si wewe ndiye unayetusuluhisha siku zote?" Ndiyo, nasuluhisha. Mpaka wa shamba nasuluhisha. Mawifi wakirushiana masufuria nasuluhisha. Mtoto kauzwa, hapo nisuluhishe nini?

Sikilizeni mfano, akina mama. Na nyie wanaume wa mabenchi ya nyuma ya kanisa, msijifanye mnasinzia.

Kulikuwa na baba mmoja, kaibiwa mbuzi. Ukoo mzima ukaenda polisi, mpaka wazee wa kutembelea fimbo. Hawakutulia mpaka mwizi alipofungwa, ndipo wakasema, haya, haki imepatikana.

Baba huyo huyo akaja akaibiwa binti. Mdogo wake, tumbo moja, ndiye aliyemchukua. "Nampeleka shule." Shule gani! Kamkabidhi kwa watu, wakamfungia ndani, wakamtumikisha, wakamfanyia mambo ambayo mbele ya altare hii siyasemi. Askari wakamtoa, wakamrudisha kwao. Je, ukoo ulikwenda polisi? Thubutu! Uliita kikao. Baba mdogo akatozwa mbuzi, mbuzi akachinjwa, nyama ikaiva, na mtoto yule yule akaambiwa, "Shika birika, wanawishe wakubwa."

Akawanawisha. Alipofika kwa baba mdogo, akaliweka birika chini.

"Mmwagie maji, ameshaomba radhi," baba yake akasema.

"Baba, yule aliyeiba mbuzi wetu yuko wapi?"

"Yuko jela."

"Na huyu aliyeniiba mimi?"

Shangazi mtu akadakia, "Una mdomo wewe! Si ulipanda gari kwa miguu yako mwenyewe?"

"Nilipanda, shangazi. Na mbuzi naye alitembea kwa miguu yake. Mbona yeye hamkumuuliza?"

Nani kacheka? Usicheke. Ukoo huo ni sisi. Ni sisi tunaokimbilia sheria kwa ajili ya mbuzi, kwa mtoto tunawasha moto wa kupika. Yule mama wa ustawi wa jamii alikaa kwangu akanieleza, nami nikaelewa bila kwenda shule: mtoto aliyeuzwa hana kosa. Hata kama alisema ndiyo, ndiyo yake si kitu, kwa sababu alidanganywa. Sheria inataka atunzwe, alindwe, na asitishwe akienda kusema. Sasa sheria imsimamie mtoto, halafu sisi tumzibe mdomo kwa nyama? Mungu tunayemwimbia hapa ataila nyama hiyo?

Mimi siili.

Wewe mama Skola, wewe uliyekaa mlangoni, ukuta wako na wa Kasiani ni mmoja. Ukifika, usivue hata kitenge, mpigie hodi kwanza. Mwambie mbuzi wake nimemfunga pale kwenye mti wa balozi wa nyumba kumi, akamchukue. Mwambie Bibi hana kikao. Alhamisi mtoto anakwenda mahakamani, na mimi nitamshika mkono. Mwambie kwa sauti, na wa ndani wasikie.