Dawa Iliyofungiwa Kabatini

Hapo zamani, na asinidanganye mtu kuwa ni zamani sana, paliishi fundi rangi aitwaye Jumbe. Alianguka kazini akavunjika nyonga, akapewa vidonge vikali vya maumivu. Nyonga ikapona. Vidonge akashindwa kuviacha.

Bi Saumu, mfamasia wa mtaa, akaliona hilo. Akamwita mama yake Jumbe, Mwanamkuu, akampa dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua mtu aliyezidiwa na vidonge.

"Dada, ukimkuta haamki, anakoroma ovyo, midomo imebadilika rangi, mpulizie hii, kisha mkimbize hospitali. Wafundishe wote nyumbani."

"Nitawafundisha. Ila nakuomba, dada yangu, usimwambie mtu."

Bi Saumu akakubali. Mwanamkuu akaifungia dawa kwenye kabati la vyombo vya wageni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Hakumfundisha mtu. Eti aibu! Aibu ya nini, jamani, kwa mtoto uliyemzaa?

Siku moja Mwanamkuu akaenda harusini, ufunguo pindoni. Huku nyuma kaka mtu, Farahani, akamkuta Jumbe mkekani anakoroma, haamki. Akammwagia maji. Akamnywesha maziwa, kama wafanyavyo vijiweni. Yote yaliposhindikana ndipo akakimbilia kwa Bi Saumu.

"Maziwa? Mtu asiyeamka hanyweshwi kitu! Kwa nini hukuja mara moja?"

"Wangesema ndugu yangu teja!"

"Na dawa mnayo nyumbani!"

"Dawa gani?"

Bi Saumu akachukua nyingine dukani, wakakimbia wote wawili. Jumbe alikuwa ameshakata roho.

Matangani wakarukiana mbele ya watu.

"Mama, dawa ilikuwa hatua mbili kutoka alipolala, na hukuniambia!"

"Nilimfichia mwanangu asichekwe. Wewe ulikaa kumwagia maji, unaogopa majirani!"

"Na wewe Bi Saumu, ulijua, ukanyamaza!"

"Siri ya mgonjwa ni amana. Mama yako aliniomba, ningefanyaje?"

Nilikuwepo, nikatamani kuwazaba makofi wote watatu. Lakini ngojeni, hamjasikia la kukasirisha. Jirani mmoja akajisogeza kwa Mwanamkuu, akamnong'oneza: "Shoga, ile dawa bado unayo? Wangu naye ameanza. Ila tafadhali, usimwambie mtu."

Haya, msiinamishe vichwa. Nani alimuua Jumbe: aliyeficha, aliyenyamaza, au aliyechelewa? Na huyo wa jirani akifa, tumlaumu nani?