Muhuri wa Mguu wa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na mguu!
Mguu wa nani?
Wa Kiboko!
Ulikanyaga wapi?
Kwa watu!

Basi sogeeni, niwaambie ulivyokanyaga.

Hapo kale palikuwa na ziwa pana, na mfalme wa ziwa hilo alikuwa Kiboko. Yeye na baraza lake la wakubwa, akina Nyati na Kifaru, walikaa upande wa machweo, kwenye matope mazuri. Wanyama wadogo, waliochoka kukanyagwakanyagwa, walivuka zamani wakahamia upande wa pili, mahali palipoitwa Ng'ambo. Huko walifyeka pori, wakachimba mashimo, wakapanda migomba, wakazaa. Bado walimwita Kiboko mfalme wao, na kila mwaka walimpelekea mkungu wa ndizi na salamu, kwa hiari yao.

Miongoni mwao alikuwemo nguchiro mmoja, jina lake Sikuzani. Aliishi kwenye kichuguu cha zamani pamoja na mdogo wake, Mashavu, ambaye alikuwa mjamzito. Katika Ng'ambo nzima hakuna aliyempenda mfalme kama Sikuzani. Fisi walipovamia, Kiboko alituma nyati wakawatimua, na siku nyati hao walipoondoka, Sikuzani alisimama ufukweni akawapungia mkia mpaka pembe ya mwisho ikapotea machoni mwake.

Mashavu akajifungua mtoto wa kiume. Sikuzani akatoka mbio kwenda kukata jani la mgomba la kumlazia. Chini ya mgomba akamkuta Korongo, mjumbe wa mfalme, amesimama kwa mguu mmoja.

"Jani hilo lina muhuri?" Korongo akauliza.

Sikuzani alidhani amesikia vibaya. Korongo akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Vita na fisi vilimaliza ghala la mfalme. Baraza limekaa, limeamua kwamba watu wa Ng'ambo ndio watakaolijaza. Kuanzia leo, jani lolote la kulalia, la kufungia chakula, la kuezekea au la kunywea maji, lazima liwe na alama ya mguu wa mfalme mwenyewe. Majani yaliyokwisha kugongwa yameletwa, furushi kwa furushi, na kila jani ni ndizi tatu. Anayetumia jani lisilo na muhuri ana kosa. Anayeuza muhuri wa uongo ana kosa kubwa zaidi, atafukuzwa Ng'ambo asirudi tena.

Korongo akamshikisha jani moja lenye muhuri; Sikuzani akalitazama, akamrudishia.

"Bwana Korongo, kwenye hilo baraza nani alitusemea sisi?"

"Mfalme ana tumbo kubwa," Korongo akamjibu kwa upole. "Nyote mmo ndani."

Sikuzani alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki. Nyumbani zilikuwepo ndizi mbili tu. Siku ile mtoto wa Mashavu alilala juu ya udongo mtupu, na Mashavu aliuliza mara tatu kama ni kweli.

Habari zikaenea. Jirani yao, nungunungu aliyeitwa Shomari, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alipita nyumba hadi nyumba. Aliwaambia wenzake kwamba jani amelipanda yeye, amelimwagilia yeye, hajui mguu wa mfalme unaingiaje hapo. Wakakubaliana asinunue mtu. Wakakaa bila majani siku saba. Chakula kilikaa wazi kikaingia mchanga, watoto wakalala chini wakakohoa. Siku ya nane uvumilivu ukawaisha. Wakayabeba mafurushi ya Korongo mpaka ziwani, wakayatupa majini. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Korongo akaruka kwenda kusema, pa-pa-pa-pa, bila kugeuka nyuma.

Kiboko alipoambiwa, inasemekana alisahau kutafuna. Hakuwahi kufikiri kwamba vile vidudu vya Ng'ambo vina mikono ya kutupa kitu.

Akatuma askari. Walikuja ngiri arobaini, meno nje, mikia juu kama fimbo, na mafurushi mapya ya majani mgongoni. Hawakujenga kambi. Sajini wao alisoma amri kwamba askari wa mfalme watalala katika nyumba za wenyeji, na wenyeji watawafagilia na kuwapikia. Kisha akachungulia kichuguu cha Sikuzani.

"Hiki kitanitosha," akasema.

Akaingia, akajaa. Mashavu na mtoto wake wakatoka kwa upande wa pili, kama maji yanavyotoka chombo kikitumbukizwa jiwe. Wakalala kwenye mizizi ya mgomba. Sikuzani aliuona mkia wa Sajini umening'inia mlangoni pake, na akili yake ikakataa kabisa. Alijiambia kwamba mfalme hajui. Mfalme akijua, atawakemea hawa. Alijiambia hivyo kila alipofagia nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine.

Ikaja siku ya kisimani. Ilikuwa kiangazi, watu wana kiu, na ngiri wamekizunguka kisima wanakagua majani ya kunywea. Lenye muhuri, pita. Lisilo na muhuri, rudi. Mistari ikarefuka, watu wakaanza kusukumana. Shomari alikuwa mbele, ameshika jani lake bichi, anaomba kwa sauti ya chini apewe maji ya mke wake, Mwanahawa, aliyekuwa na homa. Kutoka nyuma, mtu ambaye hajulikani mpaka leo akarusha bonge la tope. Pwaa! Likatua kwenye pua ya Sajini.

Ngiri wakainamisha vichwa wakaenda mbele. Vuuu! Vumbi likapanda, halikuonekana jambo.

Vumbi liliposhuka, Shomari alikuwa amelala kando ya kisima, na jani lake bado mkononi.

Hakuna aliyelia hapo mwanzo. Hata Sajini aliliangalia jino lake kwa muda mrefu, kana kwamba mtu amemwazima. Sikuzani alimsogelea Shomari akamtikisa, akamwita kwa jina, akamwambia ainuke. Mashavu ndiye aliyekuja kumshika mkono akamtoa pale.

Siku tatu Sikuzani aliendelea na kazi zile zile. Alifagia, alipika, alifagia. Siku ya nne Sajini alikuwa nje anaota jua, naye Sikuzani akainua jani la kulalia la Sajini ili alikung'ute. Mwanga ukalipiga. Alama ya mguu ikaonekana vizuri, mviringo wake na vidole vyake.

Akahesabu. Vidole vitatu.

Akahesabu tena. Vitatu.

Akaketi chini. Kila aliyewahi kupita kwenye matope ya upande wa machweo alijua kwamba kiboko ana vidole vinne kila mguu. Mwenye vitatu ni kifaru. Yaani mfalme hata kuinua mguu wake ameona taabu, kampa Kifaru akanyage kwa niaba yake. Ng'ambo nzima imelala chini, Shomari amekufa, kwa ajili ya muhuri ambao mfalme hakuugonga.

Sikuzani hakuwaambia wenye hasira, maana wangepiga kelele, na kelele zilikwisha kujulikana matokeo yake. Alikwenda kwa Korongo, akajishusha, akamwomba apeleke ujumbe. Watu wa Ng'ambo wametubu, alisema. Wameyakusanya majani yao yote, na ndizi tatu kwa kila jani. Lakini wanaogopa mno kuvunja sheria, na sheria imesema mguu wa mfalme mwenyewe. Basi wanamwomba mfalme awaheshimu kwa kuja, awagongee kwa mguu wake mtukufu, mbele ya macho yao.

Kiboko akauliza ndizi zimefika ngapi. Korongo akasema hazihesabiki. Kiboko akaondoka siku hiyo hiyo.

Majani yalikuwa yamerundikwa kwenye mbuga kavu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka ziwani, hakuna mti, hakuna dimbwi. Ndizi zilirundikwa nyuma ya majani, mahali ambapo mfalme angeziona kila ainuapo kichwa. Watu wote wakasimama pembeni. Ngiri wakajipanga. Kiboko akafika anahema, akaziona ndizi, akasahau kuhema.

Akaanza. Tih! Jani moja. Tih! Jani la pili. Tih! La tatu. Jua likapanda. Tih! Tih! Alipofika katikati, upepo ukaja, vuuu, majani yenye alama na yasiyo na alama yakachanganyika. Sikuzani akainama akasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba sasa haijulikani lipi ni lipi, na wao ni waoga wa makosa.

Kiboko akaanza upya. Tih! Tih! Jua likasimama kichwani. Ngozi yake ikakauka, ikakaza, kisha yakaanza kutoka matone mekundu, mgongoni, mabegani, shingoni. Wanyama wakarudi nyuma. Hakuna aliyewahi kuona mfalme akivuja. Kiboko mwenyewe alipoona wekundu ule akaingiwa na hofu, akadhani anakufa. Sikuzani alijua alichokipanga, lakini hata yeye akarudi hatua moja.

"Maji," Kiboko akasema.

Sikuzani akaleta maji ndani ya jani la mgomba, akalishika kwa mikono miwili.

"Maji haya hapa, Mtukufu. Ila jani halina muhuri."

"Lilete niligonge."

Akalitandika mbele yake. Tih! Jani likachanika, maji yakaingia ardhini. Sikuzani akaleta la pili. Tih! Maji yakaingia ardhini. Akaleta la tatu. Kiboko akauinua mguu, akautazama, akaushusha taratibu pembeni.

"Nipe tu hivyo hivyo."

"Nitakuwa na kosa, Mtukufu. Sheria hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na wa kuifuta ni nani?"

Kiboko aliwatazama wanyama wale wadogo, akawaona kama anawaona kwa mara ya kwanza. Aliyatazama maji. Tone jekundu likamdondokea puani.

"Nimeifuta," akasema.

Sikuzani hakumpa maji bado. Alitoa jani la kulalia la Sajini, akaliweka kando ya jani alilokanyaga mfalme muda ule. Akamwomba mfalme awahesabie. Kule vidole vinne, huku vitatu. Kiboko akielezea kwamba vile vitatu ni vyake, itabidi aseme cha nne kimekwenda wapi. Akisema si vyake, waliouza ni wauzaji wa muhuri wa uongo. Alifikiri kadiri kiu ilivyomruhusu, na haikumruhusu sana.

"Vitatu si vyangu," akasema. "Korongo na ngiri waondoke Ng'ambo."

Ndipo akanywa.

Ngiri wakakimbia kuelekea ziwani, mikia juu. Sajini alipitia kichuguuni kuchukua vitu vyake, akatanguliza kichwa kama kawaida. Mashavu alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni, akamng'ata pale panapong'atika. Tangu siku ile ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno yakiwa mlangoni.

Ng'ambo kukawa na ngoma. Ndizi zikaliwa, majani yakatandikwa bila kuulizwa. Sikuzani hakukaa kwenye ngoma. Alikwenda kwa Mwanahawa, mke wa Shomari, akamkuta anapepeta mchele peke yake. Akamsimulia yote, tangu vidole mpaka tone jekundu.

Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Majani hayo ya Korongo, mara ya kwanza uliyaona lini?"

"Siku aliyozaliwa mtoto wa Mashavu."

"Na vidole vilikuwa vitatu siku hiyo?"

Mara ile ya kwanza Sikuzani alikuwa amelishika jani lenye muhuri, akalirudisha, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba mfalme anaweza kusema uongo. Hakuhesabu. Alikaa pale, na Mwanahawa akaendelea kupepeta.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Kuna mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba hata binadamu waligombana hivyo, huko Marekani, walipokuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Eti walikosana naye kwa ajili ya mihuri ya karatasi na majani ya chai. Mimi nilimwambia binadamu hawawezi kuwa wajinga kiasi hicho, hayo ni mambo ya viboko.

Na funzo lake, wenzangu, ni hili: wakubwa wasisumbuliwe. Amri ikija, itiini hapo hapo, msiiangalie kwa karibu. Mkiiangalia sana mtamlazimisha mkubwa aje mwenyewe, na jua ni kali, maskini, na ngozi yake ni laini.

Nimeileta kavu, nawaachia mbichi. Anayebisha avuke ziwa akamwulize Kiboko, ila aende mchana, maana mchana hatoki majini.