Safu Tisa za Kalunde

Muua nyuki hurithi kazi yake. Mnacheka? Mmeisikia sokoni mkadhani ni maneno ya khanga. Haya, kaeni, maana miguu inaniuma na sitarudia. Methali hii ilianza hivi.

Kalunde alikuwa mjane, huku kwetu upande wa Sikonge. Marehemu mumewe alimwachia shamba la matikiti, na shemeji yake, Nzwala, alishamwambia waziwazi: msimu huu ukishindwa, shamba linarudi kwa ukoo. Basi Kalunde hakutaka mchezo. Alipoona vidukari kwenye majani, alijaza bomba la dawa akapuliza asubuhi, maua yakiwa wazi. Akarudia kila siku ya tatu, hata pasipokuwa na mdudu. Jirani yake, Mzee Kapera, mwenye mizinga mpakani, alimsihi apulize jioni, nyuki wakisharudi. Kalunde akajibu kwamba jioni anakuwa hoi, na nyuki hawamlishi.

Haikupita wiki mbili, nyuki wakawa wamelala chini ya mizinga, unawazoa kwa ufagio. Kapera hakugomba. Aliiteremsha mizinga akaipeleka ng'ambo ya mbuga.

Ndipo vitoto vya matikiti vikaanza kunyauka vikiwa kama gololi. Kalunde akaongeza dawa, vikazidi kupukutika. Akamfuata Kapera, aibu imemjaa.

"Baba, matikiti yanakufa na wadudu siwaoni."

"Hayo hayakupata nyuki, mama. Sasa chuma ua dume, ulipake kwenye ua jike, lile lenye kitoto cha tikiti chini yake. Moja moja. Ikifika saa nne yanafunga."

"Shamba zima?"

"Wao walikuwa wanamaliza shamba zima."

"Nirudishie mizinga, nakuomba."

"Mizinga nitaileta. Nyuki siwezi kuwaswaga kama mbuzi. Labda mwakani, ukiacha hayo madawa yako."

Basi Kalunde akainama. Kila asubuhi, tangu jua linapochomoza mpaka saa nne, ua kwa ua, mgongo umepinda, vidole vimekuwa vya njano. Siku ya tano alilia huku anapaka. Kati ya safu arobaini, aliziwahi tisa tu.

Siku ya mavuno Nzwala alikuja kukagua.

"Shemeji, hizi tisa zimejaa. Hizi nyingine nani kalima?"

"Zote nimelima mimi. Hizo tisa niliziwahi."

Nzwala alizunguka shamba, kisha akasema, "Basi ubaki na hizo ulizoziwahi."

Akachukua zile thelathini na moja, na hakuna mzee wa ukoo aliyempinga.

Msimu uliofuata, nyuki walikuwa ndio kwanza wameingia mizinga miwili ya mpakani. Asubuhi moja, maua yamefunguka, Nzwala akaja na bomba mgongoni. Kalunde alisimama kwenye safu zake. Ugomvi hakuwa nao tena, wala nguvu ya kugombana.

"Shemeji," akamwambia taratibu, "muua nyuki hurithi kazi yake."