Yeye Nani?

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti tatu tu. Wakubwa nao waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, vichaka vikiwa vingi na watu wachache, walikuwepo digidigi wawili. Mume aliitwa Mbaruku, mke aliitwa Zawena. Walipendana hao, we acha tu. Kila asubuhi walikwenda kulamba chumvi. Mume akipita njia yake ya miiba, mke akipita njia yake ya mawe. Wakikutana huko huko.

Rafiki yao alikuwa Kasuku. Kasuku aliwahi kufugwa na Mzungu, akatoka huko na Kiingereza, na maringo juu yake.

Siku moja Kasuku akawasikia wawindaji wawili wakiongea Kiingereza. Wametega tanzi kwenye njia ya "she". Si ya "he", ya "she". Nyinyi mnaokwenda shule mnajua: kwa Kiingereza wa kike ni "she", wa kiume ni "he". Kiswahili chetu hakina mambo hayo. Mume ni yeye, mke ni yeye.

Kasuku puruuu, mpaka kwa digidigi.

"Wawindaji wanamtaka yeye," akasema. "Wametega tanzi kwenye njia yake."

"Yeye nani?" Zawena akauliza.

"Yeye. Nimetafsiri neno kwa neno. Au mnataka kunifundisha Kiingereza?"

Akaruka zake. Mbaruku akawaza, akawaza.

"Ni mimi," akasema. "Watu hupenda pembe, na mwenye pembe hapa ni mimi. Mke wangu, kesho tupite wote njia yako."

"Haya, mume wangu."

Kulipokucha wakashika njia ya mawe. Zawena mbele, Mbaruku nyuma. Ta, ta, ta, kwato juu ya mawe. Ta, ta, fyatu! Tanzi likamkamata Zawena mguu.

Mbaruku akavuta. Akatafuna. Tanzi lilikuwa la waya, na waya hautafuniki.

"Kimbia," Zawena akamwambia. "Nasikia miguu yao."

Wakaja. Wakamchukua.

Kasuku alipofika, akamkuta Mbaruku peke yake.

"Lakini niliwaambia," Kasuku akasema.

"Ulisema yeye," Mbaruku akajibu. "Ungesema Zawena, tungekuwa naye hapa."

Kasuku maringo yote yakamwisha, akalia. Kisha akaanza kuliita lile jina. Zawena. Zawena. Zawena. Hakuna aliyeitika.

Ndiyo maana mpaka leo, ukiingia nyumba yenye kasuku, kitu cha kwanza utakachomsikia akisema ni jina la mtu.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojidai kusinzia: yeye, "he", "she", yote hayo hukaa mahali pa jina. Taja jina kwanza, anayekusikiliza amjue mwenyewe, ndipo useme yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye njia ya mawe, alipobaki Mbaruku.